Wanataka Picha ya Fuvu Langu

Jumatano, katikati ya Oktoba. Isevya, Tabora.

Joto la leo halina adabu. Mchana mawingu yalijikusanya upande wa Kipalapala, yakatutazama, yakaenda zao. Umeme umekatika mara mbili. Nimefunga stesheneri yangu kabla ya wakati, nimeacha mlango nusu wazi ili upepo upite, na nimekaa mbele ya kompyuta ambayo kutwa nzima huchapa barua za watu za kuomba kazi. Sasa ni zamu yangu.

Roho yangu leo ni nyeusi.

Niseme mapema, ili asiyependa habari za watu wenye kijicho afunge ukurasa akaendelee na mapishi yake: ninamwonea wivu mdogo wangu. Mdogo kwa dakika ishirini tu. Yeye ni mgonjwa, jicho lake moja linakaribia kuzimika, na mimi niliye mzima kuanzia utosini hadi kisiginoni ninamwonea wivu yeye.

Basi, nimeandika. Haikuniua.

Majina yetu yanajieleza kwa yeyote aliyekulia huku Unyamwezini. Mimi ni Kulwa, niliyetangulia kutoka. Yeye ni Doto, aliyefuata. Kwa sababu hiyo mama yetu anaitwa Mama Kulwa na kila mtu pale Kipalapala, anakolima mchicha na nyanya jirani na seminari. Jina analoitwa ni langu. Mama mwenyewe ni wa Doto.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Mwanzoni kulikuwa na sheria, na sheria ya pacha kwetu haina mjadala: kinachopewa mmoja hupewa na mwenzake. Mjomba akileta gauni, alete mawili au asilete. Doto akinyolewa kwa sababu ya mashilingi, yaani choa, kichwani, na mimi nisiye na kitu naketi chini ya wembe. Yai la kuchemsha bibi alilikata kwa uzi wa kushonea, pale katikati kabisa, na sote wawili tuliinama kukagua kama uzi haukupinda. Nilipoanguka kwenye shina la mwembe nikachunika goti, nilipewa kipande cha muwa ninyamaze, na Doto naye akapewa chake, ingawa goti lake lilikuwa salama.

Tulifanana mpaka marehemu baba alikuwa akituita "ninyi" ili asikosee.

Tulipofika miaka kumi na miwili, juu ya nyusi ya kulia ya Doto kukaota kitu kama nundu ya mtu aliyejigonga. Lakini hakujigonga. Nundu haikuuma ilipoguswa, wala haikutumbuka, wala haikuondoka. Ikashuka taratibu kuelekea shavuni. Majirani wakasema ni jino, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Mama akambeba hospitali, akapigwa eksirei, na tukarudi nyumbani na bahasha kubwa ya kaki. Mama aliishika ile picha dirishani. Hapo ndipo nilipoiona mara ya kwanza sura ya mdogo wangu kwa ndani: upande mmoja mifupa kama ya watu, upande wa pili weupe mtupu, kama mtu amemwaga uji wa muhogo juu ya picha.

Daktari wa wakati ule hakuwa na jina la kuupa ugonjwa. Alimpa Doto vidonge vya maumivu, maana kwa ndani kichwa kilikuwa kinamgonga. Akatuambia turudi baada ya wiki mbili.

Sasa sikiliza mama alichofanya. Kila jioni alikuwa anaweka kidonge juu ya kinu, anakikata kwa kisu, nusu anampa Doto, nusu ananipa mimi.

Nilimeza dawa ya kichwa cha mdogo wangu kwa wiki mbili nzima. Ilikuwa chungu, na nilijisikia fahari.

Tuliporudi hospitali, nesi aliuliza kwa nini mtoto bado halali kwa maumivu ilhali dawa zimekwisha. Mama alijibu bila wasiwasi kabisa, akidhani atasifiwa: "Nawapa sawasawa, nesi. Sipendelei." Yule nesi alimkaripia mbele ya foleni yote. Akamwambia amemtesa mgonjwa na amemlisha dawa mzima. Mama alikaa kwenye benchi akalia huku amejifunika kanga usoni, na sisi tumesimama kila mmoja upande wake, hatujui la kufanya.

Tangu siku hiyo mama hakugawa tena kitu chochote katikati. Vyote vilikwenda kwa Doto.

Kipande cha nyama, godoro jipya, kiti cha dirishani kwenye basi la Mwanza, na mama mwenyewe. Siku yangu ya kipaimara walikuwa kliniki. Matokeo yangu ya kidato cha nne nilimsomea mama kwa simu, akasema "hongera mwanangu", halafu akaniambia Doto amekula vizuri mchana. Picha zangu za harusi ninazo humu dukani kwenye albamu, ninazionyesha kwa wateja kama sampuli. Zitazame vizuri. Katika kila picha mama amevaa kitenge kizuri na shingo ameigeuza pembeni, anamtafuta Doto.

Ni kama niliachishwa ziwa mara ya pili, na safari hii nilikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka.

Kitu kimoja kilibaki changu peke yangu. Uso. Huo uliokuwa wetu wawili, sasa ukawa wangu. Mfupa wa Doto ulikua hadi jicho la kulia likasukumwa chini na nje kidogo, paji likajaa, shavu likajaa. Watu wa Isevya wakaanza kuniita "Kulwa mzuri". Nitaungama hapa jambo ambalo sijawahi kumwambia hata padre: nilipenda kusimama naye. Tukiwa tumesimama pamoja kanisani nilikuwa naona macho ya watu yanatoka kwake yanakuja kwangu, yanapumzika. Nililipenda pumziko lile.

Mwaka huu jicho la kulia likaanza kuona ukungu. Safari hii tumempata daktari anayeijua kazi yake, na Doto akapigwa kipimo cha CT. Daktari alituita sote watatu, akafungua kompyuta, akaanza kushusha picha moja baada ya nyingine, kichwa cha Doto kimekatwa vipande vyembamba kama mkate wa dukani. Akatuonyesha kwamba mfupa wa kawaida una gamba jeupe kwa nje na vyumba vidogo vidogo kwa ndani. Wa Doto haukuwa na gamba wala vyumba. Ulikuwa umejaa rangi moja ya kijivu, kama kioo cha dirisha la choo, kile kinachopitisha mwanga lakini hakionyeshi aliye ndani. Alisema ni mfupa usiokomaa. Unazaliwa mbichi na unabaki mbichi, huku unazidi kukua. Una jina refu la Kiingereza na ni watu wachache sana wanaoupata.

Kisha akaweka ncha ya kalamu kwenye vijitundu viwili. Ndimo mshipa wa kila jicho unamopita kwenda kwenye ubongo. Cha kushoto kilikuwa wazi. Cha kulia kilikuwa kimebanwa hadi ukikitafuta kwa macho unakikosa.

Akamgeukia mama akamwambia kwa upole kwamba hakuna aliyemroga mtoto, wala si ugonjwa wa ukoo, wala yeye mama hakukosea kitu. Ni hitilafu ndogo tu iliyotokea tumboni, tulipokuwa tumeshagawanyika kuwa wawili. Ndiyo maana imempata mmoja.

Mama alifikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo daktari, huyu Kulwa hakupata hata nusu?"

Daktari alicheka. Mimi sikucheka.

Mpango ukaelezwa. Kuna madaktari bingwa wa upasuaji watakaokuwa kwenye hospitali kubwa nje ya mkoa. Watakipanua kile kijitundu ili jicho lipone, na watauchonga mfupa uliozidi. Ila wanahitaji kujua wachonge mpaka wapi. Kwa mgonjwa wa kawaida huchukua picha ya upande mzima wa uso, wakaigeuza, wakailaza juu ya upande mbovu. Hilo nilielewa haraka kuliko wote, maana hata mimi mteja wa paspoti saizi akichukia sikio lake moja, ninamgeuzia la pili. Tatizo ni kwamba mfupa wa Doto umevuka katikati ya paji. Hana upande mzima wa kunakili.

"Ila kuna fuvu jingine," daktari akasema, na wote watatu wakanigeukia.

Wanataka picha ya fuvu langu. Watachapa mfano wake kwa plastiki, waushike mkononi, na wamchonge Doto afanane nao. Alinieleza mionzi yenyewe ni kiasi gani, akasema nina haki ya kukataa. Jalada lote linatakiwa liondoke Tabora Ijumaa hii.

Dada mwema angelia kwa furaha. Mimi nilichosikia rohoni ni maneno mawili: hata hiki?

Alhamisi iliyopita nilikwenda. Nilivua hereni na vibanio vya nywele, nikaketi kwenye kile chumba chenye baridi. Mtaalamu wa mionzi, dada mmoja mpole, akaniuliza swali wanalomuuliza kila mwanamke: "Dada, unaweza kuwa na mimba?"

Mume wangu Paulo na mimi tuna miaka mitatu kwenye ndoa na hatuna mtoto. Mama hajawahi kuniuliza hata mara moja. Kwa pale nilipoketi, mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, na nilimwona mama kwenye benchi la nje amemshika Doto mkono. Mimi ndiye niliyekuwa naingia kwenye mashine. Aliyeshikwa mkono ni Doto.

Nikasema, "Huenda."

Dada wa watu akasimamisha kila kitu. Akasema kwa mtu asiye mgonjwa hawawezi kubahatisha, akaniandikia nikapime mkojo maabara, nirudi na majibu. Niliupita mlango wa maabara kama sijui kusoma. Nikaenda kwenye benchi nikamwambia mama.

Mama aliuachia mkono wa Doto.

Aliuachia kabisa, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akasema "Wabeja, Mungu wangu, wabeja," akimshukuru Mungu kwa Kinyamwezi mbele ya wagonjwa wote. Sijui niandikeje. Mikono yake ilikuwa inanuka majani ya nyanya. Nilikuwa nimeisahau harufu hiyo.

Siku sita sasa mimi ni mtoto wa mtu. Saa kumi na mbili asubuhi simu inalia, na mama anauliza kwanza nimeamkaje mimi. Ameniletea asali ya Sikonge, karanga mbichi, uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Jumapili alikuja kwa miguu baada ya misa, akanikalisha kwenye kigoda akanikanda miguu isiyo na tatizo lolote. Nilimsihi asimwambie Paulo, aliyeko njiani na lori la Kigoma hadi Jumamosi, nikisema si vizuri kutangaza mapema. Akakubali na kunisifu kwa busara. Daktari amepiga simu mara mbili kuulizia majibu. Mara ya kwanza nilisema maabara kuna foleni. Mara ya pili sikupokea.

Jumatatu niliingia kwenye siku zangu kama kawaida.

Kwa hiyo hata ile "huenda" imekufa. Tangu Jumatatu ninadanganya bila hata neno la kujifichia. Njia ya mwongo ni fupi, najua. Lakini jamani, ilikuwa na kivuli.

Leo saa tano Doto amekuja hapa dukani, peke yake, kwa bodaboda. Kanga ameivuta upande wa kulia wa kichwa kama anavyofanya akija mjini. Alisimama akinigeuzia bega la kushoto, kwa sababu upande wa pili sasa anaona mwanga tu. Nilidhani ametumwa na mama kuleta uji.

Akaniambia anataka paspoti.

Nina duka hili mwaka wa saba. Nimepiga picha nusu ya Isevya, walimu, mahujaji, watahiniwa wa darasa la saba wanaolia. Doto sijawahi kumpiga hata moja. Tangu tulipokuwa na miaka kumi na miwili hakuna aliyempiga picha isipokuwa hospitali. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kitambaa cha bluu, akaondoa kanga, akaikunja mapajani.

Nikamuuliza ni kwa ajili ya fomu gani.

"Si fomu. Ni ya mtoto. Nataka siku moja aone shangazi yake mdogo alivyokuwa na macho mawili."

Nilimsahihisha kwamba atakuwa mama mdogo, si shangazi. Hebu niambie, mtu mwenye akili anaweza kusahihisha kitu kama hicho wakati kama huo? Mimi nilisahihisha.

Akacheka. Halafu akanieleza kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya mvua. Asubuhi alikwenda kwa daktari akamwambia jalada lake aliweke kando mpaka mimi nijifungue. Daktari akamwambia wazi kwamba jicho halitangoja miezi tisa. Doto akasema sawa, atabaki na moja. Daktari akamtaka akafikiri mpaka Ijumaa, yeye akajibu ameshafikiri.

"Usijilaumu, Kulwa. Kidonge tuligawana. Na hili tugawane."

Nilijificha nyuma ya kamera.

Akaendelea kuongea huku amekaa wima, anangoja nimpige. Akasema hajawahi kumwona mama na furaha hii tangu tukiwa wadogo. Akasema kingine ambacho bado kinanizunguka kichwani: kwamba miaka yote hii alikuwa ananionea wivu, kwa kuwa mimi mama aliniachia nikatembea. "Mimi mkono wangu umeshikwa mpaka umechoka," alisema.

Nilipiga. Kwenye kompyuta nikaikata picha kwa kipimo, nikaongeza mwanga, na mkono wangu kwa mazoea ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kugeuza upande. Nikauondoa. Nikachapa kama alivyo. Picha nne kwenye kadi moja. Alichukua mkasi wangu akaikata kadi katikati, mbili akatia kwenye pochi, mbili akaniachia kaunta.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo niliufungua. Akaingia mwalimu na mitihani ya kudurufu, kurasa mia na ushee, na mimi nikaipokea ile mitihani kwa shukrani kama mtu aliyeokolewa. Doto akajifunga kanga akaondoka. Nilisikia pikipiki inawaka.

Hivyo ndivyo nilivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilicho nguoni mwa Doto ni mimi.

Sasa, Doto husoma blogu hii. Ndiye msomaji wangu wa kwanza tangu nilipoianza. Anakuza maandishi kwenye simu na kusoma kwa jicho la kushoto, kisha ananitumia makosa ya tahajia. Ningeweza kubonyeza kitufe sasa hivi ajisomee mwenyewe. Nimeshika kipanya muda mrefu nikiliwaza hilo. Ni uoga uleule. Ni kupita mlango wa maabara mara ya pili.

Kwa hiyo ninahifadhi tu, sichapishi. Saa kumi na moja kasoro. Nikitoka sasa nitafika Kipalapala jua lingalipo, mama atakuwa anamwagilia bustani, Doto atakuwa anamchambulia mchicha. Nitawaambia wote wawili kwa pamoja, nimesimama. Sitatoa sababu, sababu ziko hapa, watazisoma baadaye wakitaka. Halafu nitampigia daktari, nimwombe alirudishe lile jalada mahali pake.

Ninachokiogopa si matusi. Mama yangu hatukani. Ninaogopa mikono yake. Itakuwa na maji na udongo, na nitaitazama ikiniacha na kurudi kwa Doto, na safari hii nitakuwa nimejitakia. Pia ninaomboleza mtoto ambaye hakuwahi kuwepo, ambaye kwa siku sita alikuwa na bibi na mama mdogo na picha mbili za paspoti. Hilo nitalilia njiani, ndani ya helmeti ya bodaboda hakuna anayeona.

Wivu bado ninao. Nisiseme uongo mwingine. Nitakwenda nao hivyohivyo, na kesho nitalala nao kwenye ile mashine.

Ukiuona ukurasa huu umepanda kwenye blogu, ujue nimeshakwenda Kipalapala na nimeshasema.

Kesho saa mbili asubuhi yule dada wa mionzi ataniuliza tena lile swali lake. Nitamjibu hapana. Nitavua hereni, nitalala chali, nitatulia tuli wausome uso wangu mfupa kwa mfupa, paji, shavu, na vile vijitundu viwili vilivyo wazi.

Wampe wote. Huu tusigawane.